Wimbo Uliomngoja Faustin

Habari ya kifo cha Kakule ilinikuta nimepanda juu ya kiti, kwenye kibanda changu cha vitenge pale Birere, nikitafuta kitenge cha buluu ambacho mteja mmoja aliapa kuwa alikiona wiki iliyopita, na mimi nilijua hakijawahi kuwapo. Redio ya jirani ikataja jina lake, ikasema fahari ya taifa imetutoka, kisha ikaweka muziki. Nikashuka. Nikamwambia mteja, “Mama, uende tu, leo siuzishe tena.” Akaniuliza kama marehemu alikuwa ndugu yangu. Mtu aliyekufundisha mahali pa kunyamaza, ni nani wako? Siku zile zote walimlilia kwa vyeo: mtoto wa nchi, mjumbe wa amani, mkono ulioinua bendera yetu mbele ya mataifa. Sawa, waseme. Mimi niliyekuwa nikimlilia ni kijana mwembamba mwenye sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko, ambaye aliongoza orkestra yake kwa sindano ya kufumia aliyoiiba kwa dada yake, na ambaye aliondoka duniani bila kusikia hata mara moja wimbo alioupenda kuliko zote alizotunga.

Miaka ya sweta ile, nchi ilikuwa ingali Zaire, na Goma ilikuwa imejaa wakimbizi kutoka Rwanda mpaka ukifungua mlango asubuhi unaangalia kwanza usimkanyage mtu. Kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Wasioijua Goma hawaelewi: ardhi yetu ni mawe ya volkano, jembe linagonga na kurudi, kaburi halichimbiki. Vijana wa parokia tuliitwa kusaidia. Wavulana walibeba maiti, sisi wasichana tulibeba maji. Watu walilazwa pamoja chini ya mawe, bila jina, bila mtu wa kuwasha moto wa matanga, bila hata jirani wa kuwachemshia waombolezaji chai. Kakule alirudi kutoka kazi ile akawa haongei. Mama yake alimpikia sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, akamwekea bugali ya muhogo, yeye akaangalia sahani mpaka ikapoa. Siku aliyofungua mdomo alisema neno moja tu: “Mama, hata mutu mumoja hakuliliwa.” Nadhani wimbo ulianza pale, kwenye sahani ile iliyopoa, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kutuambia hivyo.

Orkestra yetu ilikuwa kitu cha kuchekesha, na heri niseme wazi kwa sababu leo wanaielezea utadhani ilishuka mbinguni. Padri mmoja wa Ulaya alirudi kwao akatuachia sanduku la violoni, filimbi kadhaa na tarumbeta moja iliyobonyea. Kakule, aliyekuwa amefundishwa na padri yule tangu utotoni, akatukusanya kwenye salle ya parokia pale Ndosho, nyumba ya mbao yenye sakafu ya changarawe nyeusi, ambayo ukitembea inalia chini ya viatu. Kwa hiyo alituamuru tupige muziki miguu mitupu. Siku ya kwanza tulipowaalika watu, walikuja na chupa zao za bia, maana kwetu ukisema orkestra mtu anaelewa gitaa na kucheza mpaka chini. Wakakaa, wakangoja gitaa. Tulipomaliza, muzee mmoja akauliza kwa heshima, “Na sasa muziki inaanza saa ngapi?” Kakule alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata akatunga wimbo wa furaha wenye mwendo wa kucheza, na huo ndio uliompa jina baadaye. Aliutunga kwa ajili ya muzee yule wa bia, si kwa ajili ya taifa.

Kontrebasi, lile violoni kubwa la sauti nzito, haikuwamo kwenye sanduku la padri. Faustin, mpigaji wake, aliitengenezesha kwa fundi wa machukudu, wale wanaochonga baiskeli zetu kubwa za mbao za kubebea mizigo. Fundi akaifanya kwa mti uleule wa karatusi, nyuzi akaweka za breki, na ikawa nzito mpaka kuja repetisyo, yaani mazoezini, Faustin aliilaza juu ya chukudu na kuisukuma kutoka nyumbani kwao, watoto wakimfuata wakiuliza ni jeneza la nani. Faustin alikuwa mtu wa Masisi, mwenye kusema Kinyarwanda, mpole, mwenye vidole virefu. Alipokaa kwenye kiti chake cha pembeni na kuvuta ule uzi wa chini kabisa, ulisikia kwenye mifupa ya miguu kabla ya masikioni. Kakule alimwambia mbele yetu sote, “Weye ndiye sakafu. Sisi tunatembea juu yako.” Faustin akajibu, “Basi mutembee polepole,” na tukacheka. Walikuwa marafiki kwa namna ambayo leo siioni tena kwa vijana, hawakumaliza siku bila kutafutana.

Wimbo wa kilio hakutufundisha sote pamoja. Aliugawa. Alimwendea kila mtu kwao, akamwimbia sikioni kipande chake, na kipande cha mwenzako hukukijua. Nilimuuliza kwa nini asiandike noti. Alisema nyimbo za matanga haziandikwi, mtu anazipata kwa kukaa na wengine. Kwetu alikuja mchana, mimi nikitwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Akachukua kiti kidogo cha mama, akakaa karibu na kinu, akaanza kuniimbia. Jamani, kipande chenyewe! Sauti tatu, kisha kimya, sauti tatu zilezile, kimya tena, kama mtu anayeitikia kwa adabu asiyesikia anachoambiwa. Nikamwambia, “Kakule, hii haina ladha. Wengine umewapa nyama, mimi umenipa mifupa.” Akasema, “Masika, weye unajibu. Siku utasikia swali, utaniomba musamaha.” Kisha akanishika mkono uliokuwa na mchi, akausimamisha hewani. “Hapa karibu ya mwisho munanyamaza wote. Unaangalia mukono yangu. Usiingie mbele yangu, hata ukiona ni murefu. Ni mimi nitawaingiza.” Nilibaki na mchi juu, mkono ukauma, yeye akinitazama tu, mpaka akashusha kidole, nikaachia mchi ukaanguka kwenye kinu. Mama akatoka jikoni akauliza kama sombe ile tutaila leo ama Krismasi.

Tulipanga kuupiga mara ya kwanza Jumapili moja, bila kualika watu, sisi kwa sisi. Jumapili hiyo Faustin hakuja. Kule Masisi watu walikuwa wameanza kuchomeana nyumba, na moshi wake ulikuwa umefika mjini kwa namna nyingine: mtu uliyekulia naye anakuuliza ghafla, weye ni wa wapi hasa, zaidi ukiwa unasema Kinyarwanda. Kwenye bomba la maji nilisikia wanawake wawili wakiongea mbele yangu kwenye foleni. Mmoja akasema, “Hata ule kijana wa jeneza wamevuka, yeye na mama yake. Niliwaona kwa barrière ya Rwanda na beseni moja.” Mwingine akasema, “Heri yao.” Niliacha bidoni yangu palepale nikakimbia salle. Kakule alikuwa ameshajua. Kontrebasi ilikuwa imeegemea ukuta, na yeye alikuwa amekiweka kiti cha Faustin mahali pake, kikitazama mbele. Mmoja wetu akasema yuko mwanafunzi anayeweza kujifunza kipande kile kwa juma moja. Kakule akasema, “Kwetu maiti inangoja mutoto wa mbali, ndiyo ama hapana?” Tukasema ndiyo. “Ule wimbo ni matanga. Hatuanze mupaka Faustin afike.” Mama yangu aliposikia alitikisa kichwa akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nilimwona Kakule ana haki. Nilikuwa msichana, niliona kungoja ni aina ya upendo. Leo najua kwamba katika mji wetu, ukitaka kungoja watu wote wawepo, utazeeka umekaa. Hapa kila siku kuna mtu aliyekimbia, na siku anaporudi, mwingine ameondoka.

Wito wa Kinshasa ulikuja kwa sababu ya mwandishi wa redio aliyefika kuandika juu ya kambi, akapita karibu na salle yetu jioni moja, akasikia wimbo wa furaha. Aliuchukua kwenye kaseti yake, na sijui ulipita masikio gani, tukaitwa kupiga mbele ya wakubwa. Tulisafiri kwa ndege ya mizigo, tumekaa juu ya magunia ya maharagwe, mbuzi mmoja amefungwa karibu na miguu yangu akila pindo la kikwembe changu. Kontrebasi tuliiacha Goma, Kakule alikataza mtu asiiguse. Kiti cha Faustin ndicho alichokibeba mwenyewe. Walituweka kwenye chumba chenye feni na kioo kirefu. Nilikuwa ninapiga pasi mashati ya wavulana, na nyuma ya ukuta wa plywood nikamsikia Kakule na muzee mmoja wa protokoli, ambaye alikuwa amefanya kazi Lubumbashi na alijua Kiswahili chetu.

“Mutapiga ngapi?” muzee aliuliza.

“Mbili, muzee. Ya furaha. Na ya kilio, kama mwenyewe atakuwa amefika. Tumetuma watu wamutafute.”

“Kilio ya nani?”

“Ya watu wasio na matanga.”

Pasi ikaanza kunukia, nikainyanyua. Muzee hakuwa mtu mbaya, aliongea kwa upole wa baba. “Mutoto wangu, inchi imelia ya kutosha. Leo tunataka kuona watu wa Mashariki wanacheka. Na hii kiti ni ya nani?”

“Ya mutu wa kontrebasi. Hayuko. Tunamuachiaka kiti yake.”

“Mbele ya televizyo? Kiti bure, bila mutu? Hapana. Nitakuletea mutu wa hapa, anajua kazi.”

Walibishana mpaka nikamaliza mashati yote. Kakule alikuwa na miaka ishirini na sweta iliyotoboka; angeshinda wapi. Mwishoni nikamsikia akisema, “Kwa ile ya furaha, sawa, akuje. Ya kilio haipigwe bila mwenyewe.” Muzee akasema, “Basi tumesikilizana,” akaenda zake ameridhika. Kakule alipoingia kwetu macho yalikuwa mekundu. Akasema, “Ile ingine tutaipiga siku ingine. Kwetu.” Kisha akachukua shati lake, akaanza kulivaa.

Yaliyofuata nchi nzima inayajua. Mtu wa Kinshasa alikaa kwenye kiti cha Faustin, akapiga vizuri, Mungu anisamehe, vizuri kabisa. Watu walisimama. Kuna mama mmoja mwenye dhahabu shingoni alicheza katikati ya viti. Redio ilitupeleka kila kona ya Zaire na kuvuka mipaka, na kesho yake kijana wa Ndosho alikuwa hana tena jina la kwao, alikuwa ni Maestro. Tuliporudi Goma, machukudu yalipanga mstari kutoka uwanja wa ndege, wanawake walitandika vitenge barabarani, watoto walishika vijiti wakiongoza orkestra zisizokuwepo. Mimi nilitembea kifua mbele, siwezi kudanganya. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Nyumbani kwao Kakule walipika mchele, nyama ya ng’ombe, mpaka formaji, ile jibini ya Masisi, ilikatwa. Mama yake Kakule alikaa mlangoni na sahani yake haijaguswa, akiangalia wageni waliojaa uani, watu wa ofisi, watu wa chama, kila mmoja akitaka kupiga picha na mwanawe. Nilimpelekea maji. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Masika, huyu mutoto wamemufanya bendera. Na bendera haishukake kula na mama yake.” Nilidhani ni maneno ya uchovu. Kakule naye alikuwa nyuma ya nyumba, anamuuliza kila mtu aliyetoka ng’ambo kama amemwona Faustin.

Mwaka wa safari ile ya Kinshasa haukumaliza kuisha, vita ikashuka. Tulikimbia kila mtu upande wake. Mpiga tarumbeta hatukumwona tena. Kakule alikuwa ameitwa Kinshasa kwa sherehe nyingine, akazuiliwa kule na barabara na mabunduki, kisha wakamtuma Ulaya kusoma. Miaka baadaye lava ikashuka ikafunika salle, na kontrebasi ndani yake. Ilikuwa ya karatusi, iliwaka haraka. Wakubwa wakabadilika, jina la nchi likabadilika, na kila aliyekuja alimwita Kakule apige ule wimbo wa furaha, huo huo. Aliniambia siku moja, alipopita Goma na walinzi wake, kwamba akiusikia siku hizi anazima redio. Kila alipopita alikuja kibandani, akamnunulia mama yake kitenge, akauliza, “Faustin je?” Nami nikajibu, “Bado.” Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa miaka mingi, na kibanda changu kipo karibu na barrière mpaka naweza kusikia askari wakipiga miayo.

Walimleta kuzikwa kwao, kwa sababu mama yake alikataa kaburi la wakubwa. Alisema, “Mumekaa naye ya kutosha.” Matanga yalijaa, maturubai mpaka barabarani, viti vya mbele vya wenye suti. Mimi nilikaa nyuma na wenzangu wa orkestra waliobaki, wazee sasa, wengine wametoka Bukavu na Butembo. Pembeni alikuwepo mwanaume mwenye kofia, amekaa peke yake, mkono wa kushoto umepanda juu ya nguzo ya turubai, vidole vikiibana na kuiachia, vikiibana na kuiachia. Nilivitazama vidole. Nikasimama bila kujua nimesimama.

“Faustin.”

“Masika,” akasema. “Pole na musiba.”

“Ulikuwa wapi?”

“Hapo Gisenyi, nyuma ya barrière.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ile.”

Nilikaa chini karibu naye. Nikamwambia nimeuza vitenge pale Birere miaka hii yote, angeita tu ningesikia. Akasema, “Nilikuonaka. Siku moja nilisimama karibu ya kibanda. Nikasema, ataniuliza nini, na mimi nitamujibu nini.” Akavua kofia. “Nilisikia kwa radio, Masika. Ile siku ya Kinshasa. Nyumba yote ilinyamaza wasikie watu wetu. Nikasikia kontrebasi. Huyo mutu alinipita. Nikasema, sawa, kiti wameisha kuipa mwenye kuijua. Nitarudi kufanya nini?”

Nilimweleza. Ukuta wa plywood, muzee wa protokoli, kiti kilichobebwa kwenye ndege ya maharagwe. Nikamwambia kwamba ule wimbo wa kilio haujapigwa hata siku moja, wala Kinshasa, wala Ulaya, wala popote, kwa sababu ulikuwa unamngoja yeye. Aliweka kofia mdomoni. Sijamwona mtu mzima akilia vile, bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, na mimi nilikuwa na hasira na kila mtu: na redio, na mpaka, na wakubwa waliotaka kucheka, na Kakule mwenyewe kwa ukaidi wake wa kungoja. Tungeupiga tu! Tungeupiga na kiti kitupu, na kijana yule angesikia kazi ya mikono yake akiwa na masikio ya kuisikilizia.

Hatukuwa na chombo hata kimoja. Lakini sote tulikuwa tumefundishwa kwa kuimbiwa sikioni. Walipotaka kuinua sanduku la maiti, Faustin alienda mbele, akapita katikati ya wenye suti, akasimama kichwani pa Kakule na kuanza kwa sauti ya chini kabisa, mdomo umefungwa. Ilikuwa sauti inayouliza. Ilipokatika, nikajikuta nimeitikia: sauti zangu tatu, ile mifupa. Akauliza tena, nikajibu tena, na wenzangu wakaingia mmoja mmoja, kila mtu na kipande alichokibeba bila kujua ni cha nini. Palipokuwa pa mpiga tarumbeta pakabaki wazi, tukapaacha. Ndipo nilipousikia wimbo mara ya kwanza, mimi mwanamke wa nywele nyeupe, na nikamwomba Kakule msamaha kama alivyosema. Mama yake, ambaye hakuwa amelia tangu walete mwili, aliweka mkono juu ya sanduku akauliza, “Hii aliifanya siku gani?” Tukaendelea kuimba.

Tukafika pale karibu na mwisho, pale pa kunyamaza. Tukanyamaza wote. Nilimwangalia Faustin, Faustin aliniangalia mimi, wenzetu wakatutazama, na kila mmoja alikuwa na sehemu iliyobaki tayari kooni. Lakini tulikuwa tumeambiwa tusiingie kabla ya mkono wa Kakule. Tukangoja mkono. Wabebaji wakadhani tumemaliza, wakainua sanduku, wakaanza kutembea.